Clyde Stubblefield alikuwa nani, na kwa nini mdundo wake uliosikika kila mahali haukumlipa?

Mwanagenzi wa Ngoma

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kujifunza dramu, na kwa muda wote huo kuna mdundo mmoja niliokuwa nikiusikia ndani ya nyimbo za kufokafoka za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikidhani kwamba umetengenezwa na mashine. Niliusikia katika "Fight the Power" ya Public Enemy, nikaukuta tena katika "Mama Said Knock You Out" ya LL Cool J, kisha nikashangaa kuusikia chini ya sauti ya Sinéad O'Connor katika "I Am Stretched on Your Grave", wimbo ambao uko mbali kabisa na kufokafoka. Wiki iliyopita mwalimu wangu alinikalisha, akanichezea "Funky Drummer" ya James Brown katika urefu wake wote, akaniomba nisiseme neno mpaka imalizike. Ilipokaribia dakika tano na nusu, vyombo vyote vikanyamaza, akabaki mtu mmoja na ngoma zake, na palepale nikautambua.

Nimeambiwa kwamba mtu huyo ni Clyde Stubblefield. Ningependa kujua ametokea wapi na alifundishwa na nani, mikono yake inafanya nini hasa katika zile sekunde ishirini, na kama ni kweli kwamba hakuwahi kupata mrabaha wowote kwa kipande kilichotumiwa katika nyimbo zaidi ya elfu moja. Swali hili la mwisho nilimuuliza mwalimu, akasema niwaulize wanaojua sheria. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Santuri za Kale

Ndugu Mwanagenzi, umeuliza juu ya mtu ninayempenda sana, kwa hiyo unisamehe nikirefusha.

Clyde Stubblefield alizaliwa tarehe 18 Aprili 1943 mjini Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, mji wa viwanda na reli uliokaa katikati ya milima. Hakufundishwa na mtu, wala hakujua kusoma noti. Utotoni aliona wapiga ngoma wakipita katika gwaride, akajua papo hapo kwamba hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Hata hivyo, alipoulizwa uzeeni mdundo wake ulitoka wapi, jibu lake lilikuwa ni lilelile kila mara: ulitoka kiwandani. Karibu na kwao palikuwa na kiwanda kilichokuwa kikitoa hewa kwa mshindo, na mshindo huo ulikwenda kugonga mlima ukarudi kama mwangwi, kwa hiyo mtoto alisikia pigo moja zito na jingine hafifu likilifuata, mchana kutwa. Ukiongeza magurudumu ya treni juu ya reli, unapata shule nzima. Nakuomba ukumbuke jambo hili la pigo zito na kivuli chake, kwa sababu wapiga ngoma wa jukwaa hili bila shaka watalirudia.

Alipofika miaka ya ishirini alikuwa ameshazunguka na mpiga gitaa wa bluzi Eddie Kirkland, na pia alimpigia Otis Redding. Mwaka 1965 James Brown alimsikia katika klabu moja mjini Macon, Georgia, akamwita kwenye majaribio. Stubblefield alisimulia kwamba alipopanda jukwaani alikuta seti kadhaa za ngoma zimepangwa, kila moja ina mwenyewe, akajiuliza yeye anahitajiwa kwa kazi gani. Baada ya muda wengine waliondoka mmoja mmoja, wakabaki wawili waliobeba bendi ile katika miaka yake bora: yeye na John "Jabo" Starks, aliyekuja mwaka huohuo kutoka bendi ya mwimbaji wa bluzi Bobby Bland. Starks alipiga safi na kwa kujizuia, kila pigo mahali pake. Stubblefield alijaza nafasi zilizobaki kati ya pigo na pigo. Brown alimtumia huyu au yule kulingana na wimbo.

Inafaa kuelewa alikuta muziki gani. Brown alikuwa mwimbaji wa souli, na mwaka 1965, kwa "Papa's Got a Brand New Bag", alianza kuuondoa uzito wa wimbo kwenye sauti na kuupeleka kwenye mdundo. Katika rekodi ile mpiga ngoma ni Melvin Parker, ndugu yake Maceo, mpuliza saksafoni. Watu wengi humpa Stubblefield sifa hiyo kimakosa. Zamu yake ilifika mwezi Mei 1967 katika "Cold Sweat". Brown alimwita kiongozi wa bendi, Alfred "Pee Wee" Ellis, akamgunia mstari wa besi, Ellis akakaa akaupangia tarumbeta na saksafoni, na bendi ilipoingia studio za kampuni ya King mjini Cincinnati, Ohio, Stubblefield akauwekea mdundo ambao hakuna aliyekuwa ameusikia kabla ya siku ile. Wimbo una kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, na karibu kila chombo ndani yake kimegeuzwa ngoma. Ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya R&B na ya 7 katika chati ya pop, na ukiniuliza fanki, muziki huu unaotanguliza mdundo, ilizaliwa lini, nitakutajia wimbo huu bila kusita.

Baada ya hapo zilifuatana: "I Got the Feelin'" mwaka 1968, kisha "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud" iliyorekodiwa mwezi Agosti mwaka huohuo, miezi minne tu baada ya Martin Luther King kuuawa, kisha "Mother Popcorn" mwaka 1969. Zote ni mikono yake.

Kijiti na Ngozi

Nashukuru kwa utangulizi huo, Mzee Santuri. Ndugu yetu ameuliza juu ya mikono, na hapo naweza kusaidia, kwa kuwa mdundo huo nimeurudia mara zisizo na idadi.

Anza na mkono wa kulia. Kipimo kina mapigo manne, na Stubblefield anaigawa kila pigo mara nne, kwa hiyo fimbo ya kulia inagusa haihati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, mara kumi na sita katika kila kipimo, kwa mwendo wa mapigo kama 100 kwa dakika, na kwa mkono mmoja. Mahali fulani mguu wa kushoto unailegeza haihati kidogo, inatoa pumzi fupi, kisha inafungwa tena. Mguu wa kulia unapiga ngoma kubwa mara mbili mwanzoni mwa kipimo na kunyamaza, halafu snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inashuka kwenye pigo la pili kwa uzito wake wote. Mpaka hapo mwanafunzi mwenye bidii atafika.

Kazi iko katika mkono wa kushoto baada ya pigo lile la pili. Fimbo hairudi juu kungoja pigo la nne. Inabaki chini, karibu na ngozi, na kuigusa snea kwa mapigo hafifu, mengine ni kama mdondoko wa fimbo tu, yakipenya katikati ya yale kumi na sita ya haihati. Ukisikiliza kwa spika mbovu hutayasikia, lakini mtu akiyaondoa, mdundo unaanza kuchechemea. Hicho ndicho kile kivuli cha mshindo wa kiwanda alichokitaja Mzee Santuri. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuyapiga mapigo hayo kwa nguvu ileile ya pigo kuu, na matokeo yake ni kelele. Weka fimbo ya kushoto kwenye kimo cha vidole viwili juu ya snea, upige robo saa nzima bila kuinua zaidi ya hapo isipokuwa kwenye pigo la pili na la nne. Mkono utauma kwanza, kisha utaelewa.

"Cold Sweat" ina ujanja mwingine. Sikio letu linategemea snea katika pigo la pili na la nne. Yeye alilipiga la pili kama kawaida, lakini lile la nne katika kipimo cha kwanza akalichelewesha kwa nusu ya pigo, kwa hiyo mwili wa msikilizaji unaegemea mahali ambapo hapana kitu, na kabla haujaanguka snea inaudaka. Brown aliwataka wanamuziki wake wote waliheshimu pigo la kwanza la kila kipimo, wakutane hapo bila kukosa, na kwa sababu nguzo hiyo ilikuwa imara, Stubblefield alikuwa na uhuru wa kuyahamisha mengine.

Sasa nije kwenye zile sekunde ishirini. Ni tarehe 20 Novemba 1969, Cincinnati, studio zilezile za King. Kwa maelezo ya Stubblefield mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye ngoma akaanza kupiga mdundo uliomjia, wenzake wakaingia mmoja baada ya mwingine, na Brown akaukubali. Rekodi inapita dakika tisa. Maceo Parker anapuliza, Brown anapiga kinanda na kuzungumza zaidi kuliko anavyoimba. Kisha anawatangazia wenzake kwamba sasa wampe nafasi mpiga ngoma, na anamwagiza Stubblefield asicheze kwa kujionyesha, aendelee na kilekile alichonacho. Hesabu inafika nne, wote wanaacha, na kwa vipimo vinane hakuna kinachosikika isipokuwa ngoma na sauti ya Brown hapa na pale.

Agizo lile la kutojionyesha ndilo lililoubakiza mdundo huo duniani. Wapiga ngoma wengine wa wakati ule, wakipewa nafasi, walizunguka ngoma zote na kupasua matoazi. Kipande cha namna hiyo hakiwezi kuzungushwa, kwa sababu mwisho wake haufanani na mwanzo wake. Stubblefield aliendelea kama vile bendi nzima ingali inapiga, kipimo cha kwanza kikalingana na cha nane, na kila kimoja kikawa tayari kuunganishwa na kingine.

Mwanagenzi wa Ngoma

Nimejaribu jana usiku kama ulivyoelekeza, Kijiti na Ngozi. Kimo cha vidole viwili kimenishinda baada ya dakika nne, mkono ulikakamaa kama ubao. Lakini kwa mara ya kwanza nilisikia kitu kikitikisika ndani ya mdundo, na nimefurahi mno.

Kinachonisumbua sasa ni hiki: wimbo umeitwa kwa jina la kazi yake, "mpiga ngoma wa fanki", tena jina hilo Brown alilitamka palepale studioni baada ya kumsikia. Inawezekanaje basi wimbo uwe wa mtu mwingine?

Haki ya Msanii

Mimi ni mwanasheria na kazi yangu ya kila siku ni hakimiliki, kwa hiyo nitajibu hilo.

Sheria ya Marekani inatenganisha vitu viwili ambavyo msikilizaji huvisikia kama kimoja. Kipo kwanza utunzi, yaani wimbo kama unavyoweza kuandikwa karatasini, na ipo rekodi, yaani sauti zilezile zilizonaswa siku ile. Utunzi wa "Funky Drummer" uliandikishwa kwa jina la James Brown peke yake. Rekodi ilikuwa mali ya kampuni, na Brown alipohamia kampuni ya Polydor mwaka 1971, rekodi zake za zamani zilikwenda huko pia. Stubblefield alikuwa mwajiriwa aliyelipwa ujira wake, na ujira ulipokwisha kulipwa, kwa macho ya sheria hesabu yake ilifungwa. Angeweza kudai sehemu ya utunzi? Kwa desturi ya wakati ule, na kwa kiasi kikubwa hata sasa, mtunzi ni aliyeleta maneno na ghani, wakati mdundo wa ngoma ulihesabiwa kuwa sehemu ya upigaji tu. Mtu mwenye mistari minne ya maneno alikuwa mtunzi. Mwenye mdundo ambao bila huo wimbo haupo, hakuwa kitu. Nalisema hili kama mwanasheria, na naliona ni kasoro ya sheria.

Kuna tarehe nyingine iliyozidi kumbana. Rekodi za sauti ziliingizwa katika ulinzi wa sheria ya shirikisho kuanzia tarehe 15 Februari 1972. Zilizotangulia ziliachwa chini ya sheria za majimbo. "Funky Drummer" ni ya 1969.

Miaka ya kati ya 1986 na 1991 wazalishaji wengi walichota vipande vya rekodi za zamani na kuvitia katika nyimbo zao mpya bila kumwomba mtu yeyote. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya shirikisho mjini New York ilitoa uamuzi dhidi ya mfokaji Biz Markie, aliyekuwa ametumia kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila kibali, na tangu hapo kampuni zikaanza kulipia vibali kwa hofu ya kushtakiwa. Baadhi ya watu hudhani kwamba uamuzi ule uliwakomboa wanamuziki wa zamani. Uliwakomboa wenye hati. Fedha zilikwenda kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, na Stubblefield hakuwa yeyote kati ya hao wawili.

Redio za kawaida za Marekani nazo hulipa watunzi bila kuwalipa waliopiga. Kwa matangazo ya kidijitali upo mfuko ambao hutengewa asilimia 5 kwa ajili ya wanamuziki na waimbaji wasio wahusika wakuu wa rekodi, lakini rekodi za kabla ya 1972 ziliingizwa rasmi katika utaratibu huo kwa sheria ya Oktoba 2018. Stubblefield alifariki Februari 2017.

Mpiga Besi Mstaafu

Naheshimu aliyoyasema mwanasheria, lakini naona tunamhukumu James Brown kabla hatujamsikiliza. Nimeongoza bendi kwa miaka mingi. Kiongozi ndiye anayelipa mabasi, anayelipa studio, anayebeba hasara ukumbi ukiwa mtupu, na ndiye anayejua wakati gani wote wanyamaze. Katika rekodi ile ni Brown aliyesema bendi isimame na ni yeye aliyemkataza Stubblefield kujionyesha. Kijiti na Ngozi ameeleza vizuri kwamba agizo hilo ndilo lililokipa kipande uhai. Je, hilo nalo si utunzi? Tena studioni walikuwamo wengine, wapuliza ala na mpiga gitaa, na kila mmoja alichangia. Tukianza kugawa, tutaishia wapi?

Santuri za Kale

Mpiga Besi, hoja yako ina uzito na siipuuzi. Brown alikuwa na sikio ambalo halina mfano, na bila yeye Stubblefield labda angebaki kuwa mpiga ngoma hodari wa vilabu vya Georgia. Lakini Brown mwenyewe alijua kugawa pale alipotaka: "Cold Sweat" ina majina mawili ya watunzi, lake na la Pee Wee Ellis. Mlango ulikuwapo, akamfungulia aliyeandika noti za tarumbeta, akaufunga kwa aliyepiga ngoma.

Tukumbuke pia namna bendi ile ilivyoendeshwa. Brown aliwatoza wanamuziki wake faini jukwaani, kwa noti iliyokosewa, kwa kiatu kisichong'aa, kwa kuchelewa kuingia. Alionyesha vidole huku akicheza, na waliokuwa nyuma yake walijua kwamba vidole vile ni dola. Mapema mwaka 1970 malalamiko juu ya malipo yalifika kooni, wengi wa wanamuziki wakamwambia kwamba hawatapanda jukwaani, naye akawaleta kwa ndege vijana kutoka Cincinnati, miongoni mwao mpiga besi Bootsy Collins na kaka yake Catfish, mpiga gitaa. Vijana wale nao wakaandika historia, lakini kwa waliotangulia mafunzo yalikuwa wazi: yeyote angeweza kubadilishwa.

Niongeze jambo ambalo wapenzi wa santuri wanalijua na wengine huenda hawalijui. "Funky Drummer" haikuwa wimbo mkubwa. Ilitoka mwaka 1970 kwenye santuri ndogo, ikiwa imekatwa vipande viwili kwa pande zake mbili, ikafika nafasi ya 20 katika chati ya R&B, kisha ikazama. Haikuwekwa kwenye albamu yoyote mpaka mwaka 1986, ilipoingia katika mkusanyiko uitwao "In the Jungle Groove", pamoja na toleo fupi ambamo kile kipande cha ngoma kimerefushwa kwa kuzungushwa. Mwaka uliofuata ikaja mashine ya SP-1200, iliyoweza kuhifadhi sekunde kama kumi tu za sauti zilizochotwa. Fikiria mzalishaji wa wakati ule mwenye sekunde kumi za kumbukumbu: anahitaji kipimo kimoja au viwili, visivyo na besi wala sauti ya mtu juu yake, vinavyoweza kujirudia bila mshono kuonekana. Kipimo kimoja cha Stubblefield kinachukua sekunde mbili na nusu hivi. Wengine walicheza santuri kwa kasi kubwa ili kipande kiingie kwa muda mfupi zaidi, kisha wakakipunguza mwendo ndani ya mashine, na ndiyo maana katika baadhi ya nyimbo ngoma zake zinasikika zenye ukungu kidogo.

Mpiga Besi Mstaafu

Habari ya jina la Ellis kwenye "Cold Sweat" sikuwa nimeizingatia. Inabadilisha mizani, nakubali. Ningali naamini kwamba Brown alistahili sehemu kubwa, ila sehemu kubwa si yote.

Jumatatu Jioni

Wenzangu wamezungumza juu ya miaka mitano au sita ya maisha yake, na yeye aliishi miaka sabini na mitatu. Naomba niseme juu ya iliyobaki.

Baada ya kuachana na Brown, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Stubblefield alikwenda kuishi Madison, Wisconsin, mji wa chuo kikuu ulio mbali na vituo vyote vikubwa vya muziki, akaupenda na hakuhama tena. Kwa miaka mingi alipiga kila Jumatatu usiku katika klabu moja ya mjini humo, na usiku huo ukajulikana kama Jumatatu za fanki. Mtu aliyekuwa ndani ya nusu ya nyimbo za redio aliweza kukutwa pale, akipiga kwa watu wachache waliosimama na glasi mkononi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa pia katika bendi ya kipindi cha redio cha "Whad'Ya Know?", kilichorushwa kutoka Madison kwa taifa zima. Bendi ya Garbage ilipoundwa mjini humo, ilimwalika apige katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1995. Ni yeye anayesikika katika "Not My Idea". Mwaka 1997 akatoa albamu yake mwenyewe, "Revenge of the Funky Drummer".

Juu ya fedha alizungumza kwa utulivu uliowashangaza waliomhoji. Alisema kwamba wimbo ule wenyewe hakuupenda sana na kwamba kilichomuuma zaidi ya fedha ni jina: angeridhika kama wangeandika tu kwenye jalada kwamba ngoma hizi ni za Clyde Stubblefield, ingawa aliona pia kwamba kutumia kazi ya mtu bila kumlipa ni kumvunjia heshima. Mwaka 2009 filamu ya "Copyright Criminals", inayochunguza uchotaji wa sauti, ilimweka mbele ya kamera na kumpa nafasi ya kulisema hilo, na baadaye ikaambatanishwa na midundo mipya aliyoirekodi kwa masharti rahisi ya kibali, ili atakayeitumia kibiashara amlipe yeye moja kwa moja. Alikuwa na miaka karibu sabini alipopata kwa mara ya kwanza mpango wa namna hiyo.

Ugonjwa ulimfika akiwa hana bima ya afya. Karibu mwaka 2000 alipatwa na saratani ya kibofu cha mkojo, akatibiwa, na gharama ya takriban dola 90,000 ikalipwa na mtu ambaye hakutaka jina lake lijulikane. Stubblefield aliitunza siri hiyo kwa miaka kumi na sita. Aliifichua baada ya mwanamuziki Prince kufariki mwezi Aprili 2016: ni Prince aliyelipa. Mara ninaposoma habari hii hurudi kwenye ile hesabu ya mwanasheria wetu, ya utunzi na rekodi na mwajiriwa, kisha humfikiria mwanamuziki aliyejua vyema alichojifunza kutoka kwa ngoma zile, akaenda kulipa bili ya hospitali bila mahakama kumwamuru.

Figo zilimsumbua kwa miaka iliyofuata, akawa akisafishwa damu kwa mashine, na bado aliendelea kupiga kila alipopata nguvu.  Alifariki mjini Madison tarehe 18 Februari 2017, na mwezi Mei mwaka huo Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sanaa. Starks alimfuata tarehe 1 Mei 2018.

Ndugu Mwanagenzi, ukimaliza kuuzoesha mkono wako, itafute "I Got the Feelin'" na usikilize mahali bendi inaposimama ghafla na Brown kulirudia neno moja kama mtoto anayebembeleza. Ngoma zinaporudi baada ya kimya kile, sikiliza pigo la kwanza kabisa. Ni jepesi mno, karibu halipo.

Mwanagenzi wa Ngoma

Nimeisikiliza sasa hivi, mara tatu mfululizo, na pigo hilo nimelipata katika mara ya tatu. Mwalimu nimemtumia mjadala huu wote, akanijibu kwamba somo la kesho ni mkono wa kushoto peke yake. Asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu.